Maswali Tisa ya Bondeni

Mbeya,
4 Februari 2024

Dada Asifiwe,

Ugonile. Huku kwetu tu wazima, mvua na baridi tu ndivyo vinavyotuonea. Joshua ameota meno mawili ya chini na anayajaribu kwenye kila kitu, pamoja na kidole changu. Mama yake, Catheline, anakusalimu na anasema mchele wa mwaka jana umekwisha, kwa hiyo tunakula wa dukani na kulalamika. Shemeji Ambokile bado yuko Matema na samaki wake wa usipa? Mwambie nimemkumbuka.

Nimekupigia simu mara sita tangu Krismasi. Mara zote alipokea Lusungu akasema mama kalala. Saa nne asubuhi umelala, saa tisa alasiri umelala. Basi naandika. Bahasha nampa dereva wa basi, ataiacha dukani kwa Neema pale Bondeni, Kyela, na Neema atampa mtu wa Talatala anayemwamini.

Kazi yangu unaijua, ukarani wa takwimu. Mwaka huu tunafuatilia watu wazima wenye sonona wanaoanza dawa. Tunachotafuta ni hiki: je, tunaweza kujua mapema dawa itamfaa nani na haitamfaa nani, badala ya kumwacha mtu ameze vidonge miezi miwili ndipo tugundue? Mtu anaulizwa maswali tisa siku ya kwanza, anaulizwa tena wiki ya pili, na tena wiki ya nane. Majibu ya mara mbili za kwanza yanachanganywa na historia yake, kompyuta inatoa kadirio. Kliniki yetu mojawapo iko hapo Bondeni, kila Jumanne. Wamemwajiri hata mtu wa huko huko anayejua Kinyakyusa, ili watu wawe huru kusema.

Nakuomba uende. Huu ni mwaka wa tatu, dada. Sisemi zaidi ya hapo.

Mdogo wako,
Edwin


Talatala,
27 Februari 2024

Edwin,

Salamu zimefika. Sisi wazima. Lusungu ameanza kidato cha kwanza, sketi imempwaya lakini anasema atakua. Ambokile alikuja Jumapili na usipa debe zima akarudi. Mpunga umesimama vizuri. Kakao imeshikwa na ugonjwa kidogo, matunda yanakuwa meusi kabla ya kuiva, ila si yote.

Simu nimempa Lusungu kwa sababu simu inataka ujibu palepale. Barua inakaa mezani na kukungoja. Hii yako imeningoja siku tisa na haikununa.

Nimekwenda Bondeni Jumanne iliyopita. Usidhani nimekwenda kwa ajili yako, nimekwenda kwa sababu Lusungu alifunga begi langu akaliweka mlangoni. Daktari amenipokea vizuri. Halafu nikapelekwa kwenye chumba cha maswali. Aliyeniuliza nilimjibu kama inavyopasa kumjibu. Nimepewa vidonge, kimoja kila asubuhi baada ya chai.

Sasa sikiliza. Unakumbuka zile dawa za kwanza, mwaka juzi. Nilikunywa siku tisa, nikatapika, wakaniambia hazinifai, nikarudi nyumbani. Safari ile nilijisemea kwamba labda mimi ndiye nisiyefaa, si dawa. Nimekunywa hizi kwa sababu umeniomba. Nikiambiwa tena kwamba nazo hazinifai, sitakwenda kutafuta za tatu. Nakwambia mapema ili usije ukasema sikukwambia.

Hiyo kompyuta yenu itasema nini juu yangu? Ukijua, niambie. Mimi ni mkubwa kwako, siyo wa kufichwa.

Dada yako,
Asifiwe


Mbeya,
14 Machi 2024

Dada Asifiwe,

Ugonile. Sisi huku wazima. Joshua anaendelea vizuri. Tumenunua godoro jipya, la inchi nane, Catheline amelipenda. Mvua bado zipo. Barabara ya Tukuyu wanasema ina utelezi.

Nimefurahi kusikia umeanza dawa. Endelea tu, usikatishe. Mambo ya kompyuta ni ya kitaalamu sana na bado yanaendelea, tusiyaharakishe. Kula vizuri.

Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Edwin


Talatala,
27 Machi 2024

Edwin,

Sisi wazima. Hongera ya godoro.

Tangu ulipojifunza kuandika hujawahi kuniandikia barua ya mistari michache hivyo. Ulipokuwa shule Tukuyu uliniandikia kurasa nne kuhusu maharage. Safari hii nimekuuliza jambo moja, na badala ya kunijibu umenipa godoro.

Kichefuchefu kimepita. Wiki ya pili nilikwenda Bondeni kama mlivyosema. Yule wa kwanza hakuwepo, alikuwa msibani. Maswali aliuliza nesi mmoja anaitwa Adela, mtu wa Bukoba, hajui Kinyakyusa hata salamu. Nilimweleza.

Nauliza mara ya pili. Kompyuta inasema nini?

Asifiwe


Mbeya,
8 Aprili 2024

Dada yangu,

Ugonile. Joshua alikuwa na homa, imeshuka. Hayo mengine ya nyumbani nitayaacha, nina jambo la kukiri.

Sikupaswa kujua karatasi ipi ni yako. Kwenye kompyuta hakuna majina, kuna namba tu. Lakini mwanamke wa miaka thelathini na nane wa Talatala, miaka mitatu ya ugonjwa, dawa ya kwanza iliachwa baada ya siku tisa, yuko mmoja. Nilikutafuta nikakuona. Hilo ni kosa kazini, na nilijua ni kosa wakati vidole vinabonyeza.

Kadirio lako ni kumi na nne. Maana yake, kati ya watu mia wenye majibu kama yako, kumi na wanne tu ndio hupata nafuu kwa dawa hii. Ndiyo maana nilikuandikia godoro. Niliogopa, dada. Ulikuwa umeshaniambia utakachofanya ukisikia neno kama hilo, na mimi nilikuwa nimelishika mkononi.

Ila kuna zaidi, na hili nimelijua juzi tu. Kadirio limekuwa baya kwa sababu moja kubwa: siku ya kwanza ulipata alama kumi, wiki ya pili ukapata kumi na tisa. Alama zikipanda, hali imekuwa mbaya. Kompyuta inaona mtu aliyeanza dawa akazidi kuumwa.

Juzi karatasi zenyewe zimeletwa kutoka Kyela kwa ajili ya kuhakikiwa. Nikaona mwandiko. Kila karatasi ina saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Ya Adela ilichukua dakika thelathini na moja. Ya siku ya kwanza ilichukua dakika nne. Maswali tisa, dakika nne. Nikatazama chini, jina la muulizaji: Hezroni.

Dada, si ndiye yule mdogo wa mwisho wa baba mkwe wako? Siku ya harusi yako nilimwona akija njiani, nawe ukatoka ukaingia kwenye migomba mpaka akapita, gauni likashika tope. Nilikuwa mdogo, nikacheka. Mama akanifinya akasema yule ni baba mkwe wake hata kama bado kijana, na baba mkwe hatazamwi wala hatajwi.

Naomba uniambie kama nimekosea. Kama sijakosea, kumi na nne si kadirio lako. Ni kadirio la mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Usiache kidonge hata kimoja mpaka unijibu. Tarehe 30 orodha ya wasiotarajiwa kupata nafuu inapelekwa kliniki ili dawa zao zibadilishwe, na hiyo nyingine haipatikani Kyela, ni kuifuata Mbeya kila mwezi. Nakujua. Hutaifuata.

Edwin


Talatala,
22 Aprili 2024

Edwin,

Sisi wazima, ila maji yamefunga njia. Siku kumi na moja hakuna gari linalotoka wala kuingia. Mpunga wa bondeni umelala. Barua hii itakaa kwa mchungaji mpaka maji yapungue.

Hujanijibu. Nimekuuliza mara mbili. Mtu mwenye habari njema hawezi kunyamaza mwezi mzima, hasa wewe, ambaye hata ukiona nyoka barabarani unataka dunia nzima ijue. Kwa hiyo najua kilichosemwa.

Vidonge nimeviweka kwenye kopo la chumvi, juu ya kabati. Leo ni siku ya sita. Sikulaumu. Lusungu anapika vizuri siku hizi.

Asifiwe


Talatala,
6 Mei 2024

Edwin,

Nimepata barua yako ya tarehe 8 Aprili jana, tarehe 5 Mei. Ilikuwa kwa Neema, ndani ya mfuko wa nailoni, kavu kabisa, wakati mimi niko hapa naisubiri ng'ambo ya maji. Yangu ya mwisho najua imekufikia kabla ya hii na najua imekutia hofu. Nisamehe. Nilikusingizia kimya ambacho kilikuwa cha mto.

Hukukosea. Ni yeye. Umemwandika jina, basi limeandikwa, mimi sitaliandika.

Wengine siku hizi wanawasalimia baba wakwe zao, wanakula nao meza moja. Mimi mama mkwe wangu alinifunza vingine, na amekufa, siwezi kumvunja akiwa kaburini. Nilipoingia chumba kile nikamwona, nilitaka kurudi. Lakini nesi alikuwa ameshafunga mlango. Nikakaa upande, nikavuta kitenge kichwani, nikatazama kalenda ya ukutani. Naye, maskini, alitazama karatasi yake. Akauliza kama nalala. Utamwambiaje baba mkwe habari za kitanda? Nikasema nalala. Akauliza kama nakula. Nikasema kidogo si sana. Akauliza kama kuna siku naona ni afadhali nife. Edwin, mimi ni mke wa mtoto wao. Nikimwambia hivyo, nimeitukana nyumba yao yote. Nikasema hapana. Sote wawili tulikuwa tunakimbia. Dakika nne ni nyingi, nadhani aliongeza.

Wakatuwekea mtu wa huko huko ili tuwe huru. Mgeni wa Bukoba asiyejua hata kwamba ndaga ni asante ndiye aliyenisikia nikilia.

Jana jioni nimemwita Lusungu, nikamwambia alete karatasi. Nimeyajibu maswali yale tisa kama ningekuwa nayajibu siku ile ya kwanza, mbele ya Adela. Lusungu amejumlisha, anajua hesabu kuliko mimi. Imekuja ishirini na nne. Kutoka ishirini na nne mpaka kumi na tisa, hiyo si kupanda. Basi vilikuwa vinafanya kazi, na mimi nikavitia kwenye chumvi.

Jumla niliviacha siku kumi na tisa. Leo asubuhi nimepita kwa Adela nikamweleza yote. Amesema nianze tena leo, na nimeanza, baada ya chai.

Sasa la pili, na hapa nataka unisikilize kama mkubwa wako. Ukoo ule si mdogo. Kutoka Ngana mpaka huku Talatala, wake wa nyumba zao hawapungui ishirini, na najua wanne walionitangulia Bondeni. Jeni ni mmojawapo. Niambie, nao walitumia dakika ngapi? Kama ni nne nne, basi mna wanawake kwenye kompyuta yenu wanaosemekana dawa haiwafai, na wengine hawakupewa hata dawa kwa sababu walisema hawajambo. Mwambie mkubwa wako. Najua ukisema itabidi useme ulivyojua. Sema.

Dada yako,
Asifiwe


Mbeya,
2 Juni 2024

Dada Asifiwe,

Ugonile. Sisi wazima. Barua yako ya chumvi niliisoma nimesimama stendi, ile ya pili ikafika siku tatu baadaye. Ndaga fijo.

Nimesema kwa Daktari Wenceslaus. Nilimwonyesha karatasi. Wanawake saba waliulizwa na Hezroni, aliyekaa zaidi alikaa dakika sita. Wote watarudiwa na Adela. Majibu yako ya kukumbuka hayaruhusiwi kuingizwa, kwa hiyo namba yako imefutwa, hata kwenye ile orodha ya tarehe 30. Huna kadirio tena. Utaendelea kutibiwa kama mgonjwa wa kawaida.

Mimi sijambo.

Edwin


Talatala,
7 Julai 2024

Edwin,

Ugonile. Sisi hatujambo, na leo nitakueleza hilo neno lina nini ndani yake.

Mpunga tumevuna nusu ya mwaka jana, ule uliolala umeoza. Gunia moja nimelipeleka kwa Neema, litapakiwa Jumatano, mwambie Catheline aache ule wa dukani. Ambokile amerudi kutoka Matema, anasema atapumzika mwezi huu. Nadhani amerudi kunitazama. Hasemi, na mimi simwulizi, lakini anakaa jikoni ninapopika na kunizuia njia.

Bondeni nimekwenda Jumanne. Wamebadilisha. Yeye sasa anakaa barazani na kuwapokea wanaume, sisi tunaingia kwa Adela kwa mlango wa nyuma. Nilipokuwa napita alinyanyuka akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji mpaka nikaingia. Nami nilikuwa nimeshavuta kitenge. Nilipotoka Adela akaniambia, yule baba amesema nikufikishie salamu, na anasema ndaga. Adela akauliza ndaga maana yake nini. Nikamwambia ni asante. Akauliza anashukuru nini. Nikasema naye alikuwa amechoka kuuliza.

Jeni alirudiwa mwezi uliopita. Ameanzishiwa dawa. Aliulizwa dakika arobaini, amenipita.

Haya sasa majibu yangu, nakuandikia mwenyewe maana huko kwenu nimefutwa. Nalala saa nne, naamka saa kumi na moja, mara mbili kwa wiki naamka saa tisa na sirudi usingizini. Chakula nakisikia ladha. Juzi nilimgombeza Lusungu kwa kuzidisha chumvi, akafurahi kama amepewa zawadi. Shambani nafika, lakini baada ya saa sita mchana mwili unagoma. Siku mbaya bado zipo. Ile habari ya afadhali nife, ilinijia Jumatatu moja mwezi wa sita, nikamwambia Ambokile, akakaa nami mpaka jioni tukichambua maharage. Haijarudi. Adela amejumlisha, alama tisa. Nilimuuliza sasa nitapona au vipi, akasema hajui, tuendelee. Nimelipenda jibu hilo kuliko yenu ya kompyuta, samahani.

Nimemaliza yangu. Sasa zamu yako.

Barua yako ya mwisho imeisha kwa maneno mawili, mimi sijambo. Wiki iliyopita Catheline alimpigia Lusungu. Amesema umesimamishwa kazi tangu tarehe 20 Mei mpaka kamati ikae, kwa sababu ya kutafuta namba yangu. Amesema unakaa kwenye lile godoro la inchi nane mchana kutwa umegeukia ukuta, na Joshua akilia unasema mchukue. Mimi ndiye niliyekwambia sema. Ukasema, ukaumia, halafu ukanisalimu kama mtu aliyepita njiani.

Simu ninayo, Lusungu amenirudishia. Lakini nikikupigia utasema mzima, nami nitaamini sauti. Basi nimefanya hivi. Nyuma ya karatasi hii nimeandika maswali yote tisa kwa mkono wangu. Nimeacha nafasi chini ya kila moja, pana, maana nakujua. Lusungu ataijumlisha na sisi ndio tutajua la kufanya. Ikibidi nitapanda mwenyewe Mbeya, mpunga umeshaingia ghalani.

Weka saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Nikiona dakika nne nitairudisha. Nijibu kweli, Edwin. Mimi si baba mkwe wako.

Dada yako,
Asifiwe